Mamamkwe, Mimi na Waipa za Mzee Obuya

Ninyi wenzangu wa chumba cha walimu mmeniandama wiki nzima. Mmoja anauliza kwa nini viganja vyangu vina malengelenge, mwingine amesikia kwa mkewe kwamba nilimfunga mamamkwe wangu kamba garini. Basi nimeona heri niandike mara moja, mpitishiane, kuliko kusimulia kila saa nne huku chai yangu ikipoa. Habari za kuomba ruhusa kwa mwalimu mkuu na kutafuta mtu wa kunishikia darasa la saba nazipita, hazina utamu.

Kwanza mjue shida yenyewe. Mke wangu Boke ni Mkuria wa Ntimaru, na mama yake alikuwa hajakanyaga kwetu Lambwe tangu tuoane, miaka minne. Kosa ni langu. Siku nilipopelekwa kwao kujulishwa, mwalimu wa sayansi niliyetoka chuoni juzi, najiona mtu wa kisasa, nilimwendea mama huyo mbele ya wazee wote nikamnyoshea mkono tusalimiane. Hata kwetu Waluo, mkwe hamwendei mamamkwe wake hivyo. Kwao Wakuria, wazee walitazama chini kama waliokuwa wakitafuta sindano. Mama aliuangalia mkono wangu, akageuka, akaingia ndani, na hatukuonana tena.

Mwezi uliopita Boke alijifungua msichana. Alilia siku ya pili, akalia siku ya tatu, na haikuwa kwa maumivu. Alimtaka mama yake. Tulituma barua, na jibu likaja kwa mwandiko wa shemeji yangu Mwita: Mama atakuja mara moja. Njia ikimrudisha, basi imemrudisha, asiitwe tena. Na jua lisimzamie barabarani.

Boke aliisoma mara mbili, akaikunja. "Okoth," akaniambia, "usipofika na mama yangu, usirudi hapa na maelezo ya sayansi."

Ntimaru hadi Migori: gari lenye akili

Aliyejitolea kunisaidia ni binamu yangu Ouma, ambaye amenunua gari la Kijapani ambalo viti vyake bado vina nailoni. Tulipokuwa tukienda alinisifia kitu kimoja tu. Si injini, si redio. Waipa.

"Omera, hii kitu iko na spidi nne," alisema. "Hii ya kwanza inapanguza, inapumzika, inafikiria, halafu inapanguza tena. Yenyewe! Wewe unakaa tu kama bwana mkubwa."

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa Ntimaru. Mimi nilikuwa nimeapa kwamba safari hii sitakosea. Mama alipotoka nyumbani nilikuwa nyuma ya gari, nimeupa mgongo ulimwengu wote, naukagua ua wa katani mpaka niliposikia mlango umefungwa. Adabu niliyokosa miaka minne iliyopita ilinijaa asubuhi hiyo hadi puani. Mama aliketi nyuma, upande wa kulia, mgongoni mwa dereva. Mimi mbele, kushoto. Kona kwa kona, mbali kadiri gari dogo linavyoruhusu. Pajani alikuwa na mwavuli mweusi na kibuyu cha maziwa ya mgando, zawadi ya mzazi.

Hatukwenda hata robo maili.

"Dereva, uliza huyo mwalimu kama mtoto ananyonya."

Ouma akageuza shingo kidogo. "Anauliza kama mtoto ananyonya."

"Mwambie ananyonya vizuri sana."

"Anasema ananyonya vizuri sana."

"Dereva, uliza ni mara ngapi."

Tulikwenda hivyo mpaka Kehancha, Ouma akiwa simu baina ya watu ambao wangeweza kugusana kwa fimbo fupi. Kila swali lilikuja kavu, bila kicheko, nami nilijua kabisa kwamba mama huyu bado amenikasirikia.

Mvua ya mwaka huu, ambayo redio inaiita El Niño na mamamkwe anaiita mvua, ilitukuta baada tu ya Kehancha. Ouma alifurahi kama mtu aliyetumiwa barua kutoka ng'ambo. Akaziwasha waipa, na lazima niseme ukweli: zilikuwa tamu. Hazikupiga kelele, hazikuacha michirizi, kioo kilikuwa safi hadi pembeni. Akapanda spidi ya pili, akashuka, akapanda ya tatu, yote kutuonyesha. Halafu akabonyeza kitu, na mbele ya kioo zikaruka chemchemi mbili za maji ya sabuni.

"Dereva," Mama akasema, "kwani mvua haitoshi, mpaka gari itoe maji yake?"

Maringo hayo ndiyo yaliyotuponza. Lori lililobeba tumbaku lilitupita kwenye dimbwi, na udongo mwekundu ukakipiga kioo chote, mzito kama ugali. Mtu mwenye busara angesimama autoe kwa mkono. Ouma alienda spidi ya nne. Waipa zilifika katikati ya matope zikakwama, mota ikalia, kisha tukasikia harufu ya kitu kinachoungua. Ouma alibonyeza kila kitu kilichokuwa mbele yake. Redio iliimba, taa za kona ziliwaka, chemchemi zikaruka tena. Waipa hazikurudi.

Tuliingia Migori Ouma akiendesha huku kichwa chake kiko nje dirishani, na Mama, kwa kuwa alikuwa nyuma yake, ametoa mwavuli dirishani na kumkinga. Watu wa sokoni walisimama kututazama. Sikujua niangalie wapi, kwa hiyo niliangalia miguu yangu.

Migori: vita vya sahani

Fundi alifungua boneti, akanusa, akafunga.

"Mota imechomeka. Hii haitengenezwi, inatolewa nzima na inawekwa ingine nzima. Na hiyo ingine iko Nairobi."

"Huwezi kuifunga hata na waya?" nikauliza.

"Mwalimu, gari ya zamani unaishona. Hii ya sasa unaiombea."

Ouma aliketi juu ya tairi kuukuu akashika kichwa. Mimi nilikumbuka kwamba Mama hajala tangu alfajiri, na hapo ndipo nilipoanzisha janga lingine. Hoteli tuliyoingia ilikuwa na chumba kimoja, na mkwe hali mbele ya mamamkwe wake. Nilimwambia msichana aliyekuwa akigawa chakula: "Mpe yule mama kitu kizuri. Mimi nitakula jikoni."

"Kwani mmekosana?"

"Ni maro," nikasema, neno letu Waluo la mamamkwe.

"Aaa, ni maro!" akapaza sauti, na jikoni kote wakanielewa. Nikapewa kigoda nyuma ya sufuria ya maharagwe.

Mama alipelekewa ngege mzima, na kichwa chake. Mara msichana akarudi: "Mama anasema samaki inamwangalia." Mjaluo amemlazimisha Mkuria samaki, tena siku ya kwanza! Nikaagiza nyama haraka. Dakika chache baadaye sahani zote mbili zikarudi tupu, ya samaki na ya nyama. Nikajiambia mama wa watu ana njaa, hajashiba. Nikapeleka chapati. Zikarudi tupu. Nikapeleka maharagwe. Yakarudi tupu, ila safari hii yalichukua muda. Nikapeleka ndizi.

Msichana akarudi, akasimama mlangoni, uso umembadilika. "Mwalimu, huyo mama anatoa machozi."

"Nini tena?"

"Ameshiba. Anasema kwao chakula ya mkwe hairudishwi, ni matusi. Anauliza kama unataka kumuua."

Kumbe kila nilichopeleka kwa heshima, alikimaliza kwa heshima. Nilitamani kuingia ndani ya ile sufuria. Na kabla sijajibu, msichana akaongeza: "Anasema pia, kama njia imeshamrudisha, mumwambie sasa. Kuna gari ya Kehancha saa nane."

Ilikuwa saa saba kasorobo. Nilitoka nje kwenye mvua nikiwa na kipande cha chapati mkononi, namwona Boke akilini na uso wake. Hapo mbele ya hoteli lilikuwa limeegeshwa gari ninalolijua tangu utotoni, la Kiingereza, la mwaka wa hamsini na saba, lenye rangi ya chai ya maziwa. Mwenyewe alikuwa ndani, anachokonoa meno.

Migori hadi Uriri: kuona au kwenda

Mzee Obuya ni rafiki wa marehemu baba yangu. Miaka mingi alinunua ng'ombe Ukuria na kuwauza Homa Bay, na hata sasa, ingawa ameacha biashara, anazunguka tu kwa mazoea. Nilipomweleza aliniuliza swali moja, "Ni maro wako mwenyewe?" na nilipoitikia akafungua mlango. Akamsalimu Mama kwa Kikuria, na Mama akatabasamu. Tangu asubuhi sikuwa nimeyaona meno yake. Niliona wivu, kusema kweli.

Ouma alibaki Migori na gari lake lenye akili. Sisi tukaketi vilevile, kona kwa kona, mvua ikizidi.

Sasa niwaeleze waipa za gari hili, maana ni somo. Hazina mota wala umeme. Kuna mpira mwembamba unaotoka kwenye injini, na injini ikivuta pumzi, waipa zinacheza. Wazungu wa enzi hizo waliona ni werevu mkubwa. Shida ni kwamba ukikanyaga mafuta injini haina tena pumzi ya kugawa, na waipa zinakufa hapo hapo zilipo. Ukiachilia mafuta zinafufuka na kukichapa kioo kwa hasira. Kwa hiyo ukiteremka mlima, ambapo huna haraka, unaona mpaka Tanzania. Ukipanda, huoni kitu.

Kwenye kilima cha kwanza nje ya Migori kioo kikawa kama nyuma ya maporomoko ya maji.

"Mzee, hatuoni!" nikapiga kelele.

"Unataka kuona ama unataka kwenda?"

"Vyote viwili, Mzee."

"Hiyo ni tamaa."

Akaachilia mafuta, waipa zikapiga tap-tap-tap, tukaona barabara na punda mmoja, gari likaanza kurudi nyuma, akakanyaga tena tukawa vipofu. Tulipanda vilima vyote hivyo, kipande cha kuona, kipande cha imani.

"Dereva," Mama akauliza kwa upole, "hii gari yako iko na pumu?"

Karibu na Uriri mvua ilitushinda, tukajibanza mbele ya banda la kukaushia tumbaku. Mwenye banda alitoka, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu, akalizunguka gari mara mbili, akatoa hukumu: "Hapa dawa ni tumbaku. Maji inaogopa tumbaku." Akaleta jani bichi, akalikunja, akasugua kioo chote kwa bidii ya mtu anayeosha mtoto. Mimi kama mwalimu wa sayansi nilicheka kimoyomoyo. Kumbe ilifanya kazi! Maji yalitandaa juu ya kioo yakateremka taratibu, tukaona bila waipa, Mzee Obuya akiimba kwa furaha. Ilidumu kama maili moja. Kisha kioo kikaota povu la kahawia. Nilitoa kichwa nje nilifute kwa mkono, upepo ukanirudishia lile povu usoni, na kwa dakika kumi nzima nilipiga chafya, macho yakiwaka, kichwa kikizunguka kama cha mlevi.

Nyuma nilisikia sauti ndogo. Mama alikuwa ameinamia kibuyu, mabega yanatikisika. Ananicheka kwa dharau, nikajiambia.

Rongo: mpira unakata roho

Pale Rongo, tulipokuwa tunakata kona kushika barabara ya Homa Bay, tukasikia mluzi chini ya boneti, na waipa zikalala. Ule mpira ulikuwa umepasuka. Saa nane na nusu. Mafundi wote walikuwa wamekimbia mvua, na duka la vipuri mlango umefungwa. Mzee Obuya alitoka akaingiza kichwa chini ya boneti, na humo akabaki.

Ndani ya gari tukabaki wawili, mimi na Mama, bila mtu wa kati. Mvua inapiga bati la juu. Mimi natazama mbele, shingo imekaza. Kama yule mzee angerudi na kusema hapana, safari ingekuwa imekwisha, na si ya siku ile tu.

Ndipo Mama alipoanza kuongea. Hakuongea na mimi.

"Kibuyu," alisema, "kama mtu angetafuta kamba, afunge hii waipa upande huu, afunge na ile upande ule, mmoja avute na mwingine avute, si tungefika?"

Nikashtuka. Wazo lilikuwa safi, na halikuwa limetumwa kwangu. Nimjibu nani? Yeye ana kibuyu, mimi sina hata chupa. Nikakohoa, nikainama mbele.

"Dashibodi," nikasema, "hilo wazo ni zuri kabisa. Nitatafuta kamba sasa hivi."

"Kibuyu, aende haraka basi."

Nilirudi na kamba ya katani, ile ya kufungia ndama. Mzee Obuya hakuuliza sana. Alifunga mwisho mmoja kwenye waipa ya kushoto, ukaingia dirishani kwangu. Mwisho wa pili akaufunga kwenye ya kulia, akaupitisha nje ya mlango wake hadi dirisha la nyuma, mkononi mwa Mama. Waipa zimeunganishwa kwa chini, kwa hiyo moja ikienda, nyingine inafuata. Madirisha mawili wazi, mvua inaingia kama kwake. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Rongo hadi Homa Bay: mkono uliopata kazi

Mwanzo nilifanya upumbavu wa wanaume. Nilitaka aone nguvu zangu. Nilivuta kwa kishindo, kamba ikamchomoka mikononi, waipa zikaegemea upande wangu zikakaa. Nikamwomba dashibodi radhi. Mzee Obuya akaikamata kamba nje ya dirisha lake, akamrudishia.

"Kibuyu," Mama akasema, "wewe unajua hii kazi. Maziwa haisukwi na nguvu. Mwenye kuvuta anavuta, mwenye kuachia anaachia. Hakuna mashindano hapa."

Jikoni kwake ananing'iniza kibuyu kikubwa kwa kamba, na yeye na mke wa Mwita hukisukuma huku na huku mpaka siagi itoke. Hilo niliambiwa baadaye. Wakati ule nilichosikia ni kwamba ameanza kuimba. Wimbo wa Kikuria, mfupi, unaorudi mwanzo kila baada ya pumzi. Neno la kwanza anavuta yeye, la pili navuta mimi. Mara ya tatu waipa zikashika mwendo. Tap, upande wake. Tap, upande wangu. Kioo kikafunguka.

Na kilifunguka kweli! Mvua ikizidi, Mama aliharakisha wimbo. Ikipungua, aliupunguza. Ouma na spidi zake nne hakuwa na kitu kama hicho. Tulipanda kilima huku tunaona, jambo ambalo Mzee Obuya alisema hajaliona tangu anunue gari. Lakini kila mara Mama alipoimba ubeti mpya, mzee alicheka mpaka gari likayumba.

"Mzee, anaimba nini?"

"Vuta, wewe."

Rodi Kopany tulisimamishwa na askari aliyevaa koti la mvua. Aliifuata kamba kwa macho kutoka dirisha langu mpaka waipa, na kutoka waipa mpaka dirisha la nyuma.

"Hii ni nini?"

"Waipa, afande," akasema Mzee Obuya.

"Inafanya?"

Mama akaanza wimbo, tukavuta, kioo kikasafika mbele ya macho yake. Askari akatikisa kichwa. Akainama dirishani kwangu, akaniuliza kwa Dholuo huyo mama ni nani wangu. Nilipomwambia, alinyooka, akaitazama ile kamba tena, iliyotoka mkononi mwangu ikaishia mkononi mwa maro. "Wuololo," akasema polepole. "Nendeni. Nendeni tu." Nilipotazama nyuma alikuwa bado amesimama kwenye mvua.

Baada ya hapo niliona jambo. Mivuto ya upande wa Mama ilikuwa inafupika. Waipa haikufika mwisho wa kioo, kisha ikafika nusu. Mama ana miaka sitini na kitu, na viganja vyangu mwenyewe vilikuwa vimeanza kutoa maji. Nikasema, "Dashibodi, mimi nimechoka. Naomba tusimame kidogo."

"Kibuyu," sauti ikaja nyuma, "ni nani amechoka?"

"Dashibodi, ni mimi. Mikono ya chaki haina nguvu."

Tukasimama. Sikugeuka, ila nilisikia anapuliza viganja vyake. Alipoanza tena kuimba, tukaendelea. Tulisimama hivyo mara tatu, na mara zote aliyechoka nilikuwa mimi.

Homa Bay tuliingia saa kumi na nusu. Mama alilitazama ziwa kwa muda mrefu. "Dereva, hii yote ni maji? Na bado mnataka mvua?" Alikunywa chai ndani ya gari, mimi na mzee tukanywa chini ya paa la duka, na hapo ndipo nilipomshika mzee mkono nikamlazimisha aniambie maana ya wimbo.

Mzee alipangusa macho. "Anaimba ati: mtu wa samaki, vuta, umezoea kuvuta nyavu. Halafu anaimba: mtu wa samaki, siku ile ulininyoshea mkono, leo mkono wako umepata kazi."

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Ila nilipomaliza kucheka niliogopa, kwa sababu kumbe hajasahau.

Homa Bay hadi Lambwe: kioo kikavu

Mnaijua ile barabara yetu mvua ikinyesha. Udongo mweusi, gari haliendi mbele, linacheza. Mzee Obuya aling'ang'ania usukani, sisi tukavuta kamba, jua likawa linateremka nyuma ya mawingu upande wa Gwasi, nami nalipima kwa vidole. Mama hakusema kitu kuhusu jua. Aliimba tu, tena polepole sasa, na sauti ilikuwa imechoka.

Nikaja kugundua kwamba sijalowa. Mkono wangu ulio nje haupati matone. Nikatazama mbele: mvua ilikuwa imekwisha, na inaonekana ilikwisha kitambo, kwani barabara ya mbele ilikuwa inang'aa kwa jua na waipa zilikuwa zinakwaruza kioo kikavu, kwii, kwii. Lakini ningesemaje? Anayeongoza wimbo ni yeye. Mkwe amwambie mamamkwe wake kwamba anavuta bure? Nikavuta. Naye, kama alivyomwambia Boke baadaye, aliona mvua imekwisha kabla yangu, lakini akaona mwalimu bado anavuta kwa moyo, naye hakutaka kumwaibisha. Akavuta.

Maili tatu hivyo. Mzee Obuya nilipomuuliza kwa nini hakutuambia, alisema, "Nilidhani mmependa."

Tulifika nyumbani jua likiwa bado juu ya mlima, kiasi cha upana wa kiganja. Boke alikuwa mlangoni na mtoto. Alipouona mwavuli mweusi ukitoka garini alianza kukimbia, akakumbuka mtoto, akasimama, na Mama ndiye aliyekimbia. Mimi sikuona zaidi ya hapo kwa sababu nilikuwa nyuma ya gari, naukagua ua wangu mwenyewe. Nilisikia tu kile kibuyu kikifunguliwa na Boke akipiga kelele: maziwa yalikuwa yamesukwa toka Rongo, yalikuwa na donge la siagi.

Mpishi wa shule, ambaye ni jirani, alikuwa amemwandalia Mama kitanda kwake, kwani mamamkwe halali nyumbani kwa mkwe. Lakini kwanza waliingia ndani kwangu, mama na binti, wakafunga mlango. Mimi niliketi nje nyuma ya nyumba, chini ya paa, mgongo umeegemea ukuta wa udongo. Walizungumza Kikuria muda mrefu. Walilia, wakacheka, wakalia tena. Sikuelewa hata neno, na nilijua lolote litakaloamuliwa humo ndani ndilo litakalokuwa.

Halafu sauti ya Mama ikapanda, na ikabadilika.

"Boke, miaka minne mimi silali. Nauliza Mungu kila usiku: mtoto yangu iko mbali, nani ananiambia kama anapigwa? Leo nimemshika huyo mwalimu kwa kamba kutoka Rongo. Mtu hawezi kuficha roho yake kwa kamba. Nikivuta, anaachia. Nikichoka, anasema ni yeye amechoka. Hata mara moja hakunivuta na hasira. Baba yako, Mungu amlaze, hangefika hata Rodi. Sasa mimi nitalala."

Nilikuwa nalia, tena si kidogo, na sikuona haya.

Maana maneno hayo aliyasema kwa Kiswahili, na Boke na mama yake wakiwa wawili hawasemi Kiswahili. Hawana haja nacho. Aliyekihitaji alikuwa nje, nyuma ya ukuta, na Mama alijua niko pale.